"Merchant", Tajiri na Bepari: Maneno Matatu na Tafsiri Moja

Mwaka 1969 Oxford University Press ilitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare uliochapwa kwanza mwaka 1600. Mfasiri ni Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Wako wasomi walioliona jina hilo kuwa la siasa kuliko la tafsiri. Historia ya maneno yahusikayo yafaa ichunguzwe kabla ya kukubali hukumu hiyo.

"Merchant" si neno la asili ya Kiingereza. Mzizi wake ni merx la Kilatini, yaani bidhaa. Kifaransa cha kale kilikuwa na marcheant, na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 neno hilo liliingia katika Kiingereza, ambamo laonekana katika maandishi ya karne ya 13. Kwa Wafaransa, marchand hata leo aweza kuwa muuza mboga sokoni. Kwa Waingereza neno lilipanda cheo, likaelekea kwa mfanyabiashara wa jumla, hasa mwenye shehena za ng'ambo. Ndivyo alivyo Antonio, ambaye mali yake imo baharini.

Kiswahili kilikuwa na maneno kadhaa ya kulikabili. Mchuuzi ni mdogo mno kwa mwenye merikebu. Tajiri, kwa Kiarabu, ni mfanyabiashara hasa. Lakini katika Kiswahili limeegemea zaidi upande wa ukwasi. Bepari lilitoka Bara Hindi: kwa Kigujarati vepari ni mfanyabiashara, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kwa maana hiyo hiyo. Basi kwa kipimo cha kamusi, mfasiri hakukosea.

Hata hivyo, maana haikukaa mahali pamoja. Kufikia Azimio la Arusha la mwaka 1967, ubepari ulikuwa jina la mfumo wa unyonyaji, na msomaji wa mwaka 1969 hakuweza kulisikia neno hilo bila kukumbuka siasa hiyo.

Tena liko jambo la sarufi lililo zito kuliko asili ya neno. Jina la Shakespeare ni la umoja, nalo lamhusu Antonio. Jina la Nyerere ni la wingi. Kwa hiyo Shylock, mkopeshaji kwa riba, aingia pamoja na adui yake katika fungu moja. Kama iko siasa katika jina hilo, haikuletwa na bepari peke yake. Sehemu kubwa imebebwa na kiambishi ma-.