Maduka Mapevu, si Duka Lile Lile

Anayepima hisa za Casey's, kampuni ya Iowa inayouza petroli na piza katika miji midogo ya Marekani, hawezi kutegemea jumla ya mauzo. Novemba 2024 kampuni hiyo ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya Fikes na maduka yake 198. Jumla ingepanda hata kama maduka ya zamani hayakuuza soda moja zaidi, na ndiyo sababu hutengwa hesabu ya maduka yaliyokuwa wazi katika vipindi vyote viwili vinavyolinganishwa. Hesabu hiyo muhimu ndiyo ambayo kamati moja ya istilahi iliibandika jina la "mauzo ya duka lile lile". Lile lipi? Kionyeshi kinachorudiwa hivyo hurejelea kitu kilichokwisha kutajwa, na hapa hakikutajwa kitu. Tena umoja wake unamfanya mwekezaji adhani anasomewa daftari la duka moja. Kamati nyingine, kwa kuukimbia upuuzi huo, ikaleta "mauzo linganifu", utadhani kuna mauzo yasiyolinganishika.

Neno lipo, nalo ni kongwe kuliko kamati zote mbili: maduka mapevu. Kitenzi pea, yaani kufikia ukamilifu wa kukua, kinazaa pevu kama tulia inavyozaa tulivu na vumilia vumilivu. Kipo pia katika pevuka na upevu, na mwezi ukikamilika huitwa mpevu. Wapo wanaodai kwamba duka lililopita mwaka mmoja tu halijafikia kilele cha faida, hivyo kuliita pevu ni kulisifu mno. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Kiswahili kisingetenga pevu na bivu. Embe pevu limetimiza umbo. Utamu ni habari nyingine, na hiyo ndiyo mwekezaji anayoitafuta. Wengine wanasema neno hili linanuka shamba. Sawa, lakini "gawio" nalo halikuzaliwa benki, na hakuna aliyelikataa. Pendekezo la mapevu liliwasilishwa kwa maandishi, na halikupewa hata heshima ya kukataliwa.

Kuhusu matumizi, itoshe kusema kwamba mauzo ya ndani ya maduka mapevu husomwa kwa fedha, na mafuta kwa galoni, maana bei ya petroli hupanda na kushuka bila muuza duka kutenda jema wala baya.