Mweru, ziwa lililopigwa marufuku

Kila Desemba mosi mitumbwi ya Mununga, kwenye Ziwa Mweru, huvutwa nchi kavu. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na kwa miezi hiyo mitatu manung'uniko ya ufukweni hayaishi. Sasa fikiria marufuku ya miaka ipatayo 12, inayokataza si kuvua tu bali hata kulala karibu na maji. Iliwahi kuwapo, kwenye ufuko huuhuu.

Chanzo kilikuwa malale. Ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria nchini Uganda katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha wakazi wa fukwe, kisha wa visiwa vya Ssese. Huko Ssese ndiko Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani, alikowadunga wagonjwa dawa ya atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Hofu ilipofika Mweru, wakubwa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini, iliyotawala Rhodesia ya Kaskazini Mashariki, walichukua dawa ileile ya Bell: ondoa watu.

Kuanzia mwaka 1910 vijiji vya ufuko wa mashariki wa Mweru na vya bonde la Luapula viliamriwa kuhamia nyanda za juu. Nyumba zilichomwa moto ili mtu asirudi usiku. Kuvua kukawa kosa. Kuvuka kwenda ng'ambo kukawa kosa pia, ingawa mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya mwaka 1894, katika mkataba wa Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, nao ukapita katikati ya maji. Mjomba aliye Pweto, upande wa pili, aligeuka mtu wa nchi nyingine.

Kwa Washila, wavuvi wa asili wa ziwa hili, kuondoshwa ufukweni hakukuwa sawa na kuhama nyumba. Samaki ndiye aliyekuwa kitoweo, naye ndiye aliyekuwa fedha. Chakula chenyewe cha bonde ni muhogo, zao ambalo huchukua zaidi ya mwaka ardhini kabla ya kuvunwa vizuri. Anayeamriwa kuondoka leo huliacha shamba lake likiwa ghala, akaanze na vipande vya mashina kwenye udongo asioujua. Katika hesabu ya gharama za ukoloni, bunduki huonekana upesi. Miezi ile ya kusubiri muhogo ukomae haionekani.

Bunduki nazo zilikuwapo. Mwaka 1899 Mwingereza Alfred Sharpe, ambaye mfalme Kazembe alikuwa amemkaribisha kama mgeni miaka tisa nyuma, alirudi na jeshi, na mji wa Kazembe kule Mwansabombwe ukateketezwa. Kosa la mfalme huyo lilikuwa kukataa bendera na kodi. Muda mfupi baadaye kodi ya kibanda, shilingi 3, ilianza kutozwa, na asiyelipa aliweza kuchomewa kibanda chenyewe.

Kuhamishwa hakukuifuta kodi. Mwanamume aliyekatazwa kuuza samaki alibaki na kitu kimoja cha kuuza, mikono yake, na wanunuzi hawakuwa mbali. Migodi ya shaba ya Katanga, ng'ambo ya mpaka, ilihitaji vibarua, na kampuni ya Robert Williams iliwaandikisha watu wa upande wa Rhodesia. Mpaka uliofungwa kwa mvuvi ulikuwa na mlango kwa kibarua. Hapa ndipo maneno ya afya ya umma, hata kama madaktari waliyaamini kwa dhati, yanapoanza kusikika vingine.

Na sayansi yenyewe ilikuwa ikisogea. Mwaka 1912 watafiti Kinghorn na Yorke, wakifanya kazi kwenye bonde la Luangwa, walionyesha kwamba malale ya huko huenezwa na mbung'o wa porini, anayekaa vichakani kwenye wanyama, mbali na kingo za maziwa. Watu wa Mweru walikuwa wameshapelekwa bara, na huko bara ndiko walikoachwa miaka kumi zaidi. Katikati ya miaka hiyo vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia na uchukuzi wa mizigo uliokumbukwa kwa jina la tenga-tenga. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 90,000, wengi kwa maradhi na njaa.

Ruhusa ya kurudi ilikamilika mwaka 1922. Waliorudi walikuta vichaka mahali palipokuwa na viwanja, wakajenga upya, wakachonga mitumbwi. Soko nalo lilikuwa limebadilika: ng'ambo, mjini Kasenga kwenye mto Luapula, wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa wakinunua samaki kwa wingi na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Samaki waitwao pale, na mpumbu waliopanda mto kutaga mayai, walikwenda kuwalisha wachimba shaba, miongoni mwao vijana waliotoka fukwe hizihizi zilipokuwa zimefungwa.