Mtoro na Aliyejiuzulu: Hati za Kuacha Kazi kwa Wafanyakazi wa Kalinzi na Buha, kutoka Kipande hadi Notisi

Nkalinzi ilikuwa mojawapo ya himaya za jadi za Waha, na eneo la Buha kwa jumla lilifanywa na utawala wa kikoloni kuwa chimbuko la nguvukazi ya mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga. Namna manamba walivyoajiriwa imeandikwa sana. Namna walivyoruhusiwa kuondoka imeandikwa kidogo, ilhali ndiko karatasi ilikokuwa na uzito mkubwa zaidi.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku isiyotiwa alama na msimamizi haikuhesabiwa, hata kama jasho lilitoka. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923, aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha hakuwa amejiuzulu. Alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Barua ya kuacha kazi haikuwa na ofisi ya kupokelewa.

Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia mwaka 1944 SILABU, idara ya waajiri wa mkonge, iliratibu uandikishaji na usafirishaji. Aliyetimiza mkataba alirudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri. Mtoro alijitafutia njia, zaidi ya kilomita 1,000. Kipande kilichojaa kilikuwa, kwa hakika, nauli ya kurudi Kalinzi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeigeuza hali hiyo. Kifungu cha 41 kinamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, yenye sababu na tarehe. Kifungu cha 44 kinamdai mwajiri hati ya utumishi. Lakini kifungu cha 43, kuhusu kumsafirisha mfanyakazi na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, kwa maoni yangu ni mjukuu wa mkataba wa manamba, ingawa leo husomwa kama suala la karani au mwalimu wa shule binafsi aliye mbali na kwao.

Ndiyo maana kifungu cha 15, kinachotaka mahali pa kuajiriwa paandikwe tangu mwanzo, kina uzito kuliko barua yenyewe ya kujiuzulu. Mtu wa Kalinzi aliyeajiriwa Kigoma, lakini mkataba wake ukaandikwa Tanga, atajikuta akibishania nauli ileile.