Mfupa wa Ishango na Ngozi ya Mbeni

Mtu akishuka toka Butembo kwenda Kyavinyonge huiacha baridi ya milima nyuma yake, na baada ya kona nyingi huliona Ziwa Edward limetandazwa chini, jeupe kama bati jipya. Pale maji ya ziwa yanapotoka na kuuanza mto Semliki, ndipo Ishango. Ni mahali pa viboko na ndege wa majini, ndani ya Hifadhi ya Virunga, katika teritwari ya Beni. Mpita njia asiyeambiwa neno haoni la ajabu. Walakini jina la Ishango limeandikwa katika vitabu vya historia ya hesabu vya nchi nyingi, na sababu yake ni kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimeta 10 tu.

Mfupa huo hauko Ishango. Hauko Beni, wala Butembo, wala Kinshasa. Uko Brussels, katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe.

Tulikwenda kuutazama siku moja ya mvua, sisi watu watatu wa Butembo tuliokuwa huko kwa masomo. Nyumba ile imejaa watoto wa shule. Wote hukimbilia mahali pamoja, yaani kwenye mifupa ya iguanodoni, wale mijusi wakubwa wa zamani waliofukuliwa mwaka 1878 na wachimba makaa wa Bernissart, zaidi ya mita 300 chini ya ardhi. Hatuwalaumu. Nasi tulisimama pale kwa muda mrefu, vinywa wazi. Kisha tukaanza kuuliza habari ya mfupa wetu, maana ni mdogo sana, na mtu aweza kuupita asijue.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliinama mbele ya kioo akajaribu kuzihesabu alama zake. Akashindwa, kwa kuwa mikato ni myembamba nayo imeuzunguka mfupa pande zote. Ilimbidi kurudi kwenye kitabu. Kuna safu tatu za mikato. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha safu hizo, kila moja hutoa 60. Safu ya katikati ina mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48. Kwenye ncha ya mfupa kumepachikwa kipande cha jiwe gumu jeupe, labda cha kuchorea au kuchanjia.

Je, aliyekata alama hizo alikuwa akihesabu nini? Wako wasemao kwamba alijua namba zisizogawanyika, kwa sababu ya zile 11, 13, 17 na 19. Mmarekani Alexander Marshack alidhani ni hesabu ya siku za mwezi. Wengine wasema kwamba mikato ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze, basi. Sisi hatutaki kumfanya mzee wa Ishango kuwa profesa. Lakini mtu akatapo mafungu mawili yaliyofuatana ya 3 na 6, kisha 4 na 8, si vyema kusema kwamba mkono wake ulikuwa ukicheza tu.

Yafaa sasa tueleze jinsi mfupa huo ulivyopata kusema kitu chochote. Mbelgiji Jean de Heinzelin, mtaalamu wa mawe na udongo, alichimba Ishango mwaka 1950. Hakuchimba kama mtu atafutaye dhahabu, atupaye udongo huku na huku. Alishuka tabaka kwa tabaka, akiandika kila kitu kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Ndiyo maana twajua kwamba watu wa tabaka lile walikuwa wavuvi. Mifupa ya samaki ilikuwamo kwa wingi, na pamoja nayo vyusa vya mfupa vyenye meno ya kunasia samaki. De Heinzelin mwenyewe alidhani mfupa ule una miaka isiyofika 10,000. Baadaye wataalamu wengine walirudi kulipima tabaka lile, wakasema kwamba ni kama miaka 20,000. Waliweza kumsahihisha kwa kuwa mahali palijulikana. Mfupa ungalifika Brussels mfukoni mwa mtalii, bila maandishi, leo ungekuwa mfupa wenye mikwaruzo na hakuna zaidi.

Mtumishi mmoja wa nyumba ile alitueleza kazi ifanyikavyo nyuma ya milango isiyofunguliwa wageni. Vitu tunavyoviona kwenye vioo ni sehemu ndogo sana. Vilivyo vingi hukaa gizani: ngozi katika makabati, wadudu waliochomwa kwa pini, samaki katika chupa za alkoholi. Fuvu bichi husafishwa na vidudu vidogo vilavyo nyama kavu. Hufungiwa navyo sandukuni, navyo huacha mfupa mweupe bila kuukwaruza. Vidudu hivyohivyo vikiponyoka vikaingia katika chumba cha ngozi, ni msiba. Zamani ngozi zilipakwa sabuni yenye sumu ya arseniki ili zisiliwe, na kwa hiyo mpaka leo azishikaye ngozi za kale huvaa glavu.

Lakini kazi kubwa kupita zote, alisema, ni karatasi. Kila kitu kina kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi: mahali, tarehe, jina la aliyekileta, namba ya daftari. Na kiumbe kikipewa jina jipya la kitaalamu, lazima pawe na kielelezo chake, mwili au ngozi au fuvu, ambao ndio shahidi wa jina hilo siku zote. Ukiupoteza mwili, kuna hasara. Ukikipoteza kikaratasi, umebaki na mzoga.

Kwa habari ya karatasi, Beni inacho kisa ambacho kingestahili kufundishwa katika kila shule ya kwetu.

Mwaka 1890 Stanley aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba Wambuti wa msituni humjua mnyama kama punda, nao humnasa kwa mashimo. Wazungu walistaajabu, maana punda hakai msituni. Miaka kumi baadaye Bwana Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza katika Uganda, aliwaokoa Wambuti waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja ili wakaonyeshwe kwa watu katika maonyesho ya Paris. (Kisa hicho chenyewe chatosha kwa makala nyingine, na ni cha aibu.) Bwana Johnston aliwarudisha kwao, na njiani akawauliza habari za yule punda. Wakamweleza vizuri: ana mistari miguuni, mgongo wake mweusi. Walimtaja kwa jina lililoandikwa baadaye kuwa okapi.

Walifika kituo cha Mbeni, jina ambalo leo twalitamka Beni. Maofisa wa pale wakamwambia kwamba mnyama huyo si kitu kigeni, nyama yake huliwa. Askari walikuwa wamekata ngozi yake ya mistari wakafanya mikanda. Bwana Johnston alipata vipande vya mikanda hiyo akavipeleka London, kwa Chama cha Elimu ya Wanyama. Bwana Sclater, katibu wa chama hicho, akavitazama, akaona mistari, akahukumu kwamba ni jamii ya farasi na punda milia. Akampa mnyama jina la Kilatini la farasi pamoja na jina la Johnston, ila alikuwa mtu mwangalifu, naye akatia alama ya kuuliza katikati.

Sasa sikilizeni jambo linalotuuma. Huko msituni Wambuti walimwonyesha Bwana Johnston nyayo mbichi za okapi. Zilikuwa za kwato mbili kama za ng'ombe. Yeye alikuwa akitafuta punda, na punda ana ukwato mmoja. Hakuwasadiki. Alidhani kwamba wanamfuatisha mnyama mwingine wa pembe, akaacha kuzifuata. Kisha homa ikaushika msafara wake, akarudi Uganda mikono mitupu. Alikuwa na watu waliomjua mnyama tangu utoto wao, akakiamini kipande cha mkanda.

Aliyemtoa gizani ni Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa kituo cha Mbeni, aliyempelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Vikafika London mwaka 1901. Ray Lankester, mkuu wa nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe ya huko, akayatazama meno. Meno ya chonge ya taya la chini yalikuwa yamegawanyika, kama ya twiga. Basi si farasi kabisa. Ni ndugu wa twiga, mwenye kwato mbili kama zile nyayo zilivyosema. Akaitwa Okapia johnstoni, na jina hilo ndilo mpaka leo. Jina la Johnston limo. Neno la watu wa msitu limo pia, nalo tunafurahi. Bali mwindaji aliyemuua mnyama yule hayumo katika jina, wala wale walioonyesha nyayo.

Miaka mingi baadaye okapi wa upande wetu walidhaniwa kuwa wamekwisha. Tangu mwaka 1959 hapakupatikana uthibitisho wa okapi katika Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2006 zikaonekana dalili zao katika msitu wa Watalinga, karibu na Semliki. Safari hii nyayo zilisadikiwa. Kamera za kujipiga zenyewe zikafungwa kwenye miti, na mwaka 2008 zikaleta picha. Waliofanya kazi hiyo pamoja na ICCN, shirika la hifadhi la Kongo, ni chama kilekile cha London kilichopokea mikanda mwaka 1900.

Wala msidhani kwamba makosa hufanyika msituni tu. James Chapin wa New York aliona mwaka 1913, huko Avakubi kwenye mto Ituri, unyoya wa ajabu katika kofia ya mwenyeji mmoja. Akauchukua, asijue ni wa ndege gani. Miaka 23 baadaye, yaani mwaka 1936, akiwa katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, aliona juu ya kabati ndege wawili wakuukuu waliojazwa majani, na unyoya wao ulikuwa uleule. Kikaratasi chao kilisema kwamba ni tausi wa Uhindi, wachanga, waliofugwa. Kumbe walikuwa tausi wa Kongo, ambao wataalamu hawakuwajua! Walikaa pale kwa miaka, wamefunikwa na uongo wa kikaratasi kimoja. Wenyeji wa msitu, hao walikuwa wakiwala.

Mtatuuliza: je, mfupa urudi? Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu katika makumbusho ya taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Alikileta kwa mkopo usiowekewa mwisho, na watu wengi walicheka kusikia kwamba mwenye mali anakopeshwa mali yake. Sisi tungependa kuuona mfupa wa Ishango katika nchi hii. Lakini tukiwa mbele ya kile kioo tulifikiri pia jambo lingine. Kilichoko Brussels ni nusu. Nusu ya pili ingali Ishango, katika udongo ambao haujachimbwa, na Watalinga, katika vichwa vya watu wasomao nyayo. Nusu hiyo hakuna aliyeichukua. Twaweza kuipoteza sisi wenyewe kwa jembe, kwa mtego, kwa kukata miti ya makaa, na kwa kudharau maneno ya wazee.

Tena iko vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu wengi wa teritwari ya Beni katika mashamba yao, na walinzi wengi wa Virunga wameuawa kazini. Katika hali hiyo, atakayezungumza habari za mifupa ya miaka 20,000 aweza kuonekana hana akili. Twajua. Lakini mzee mmoja ajuaye majina ya miti na wanyama akifa ukimbizini, naye huondoka na kabati zima ambalo halikuandikwa namba.

Mwenzetu mwalimu alirudi Butembo akaziandika safu tatu ubaoni, bila kueleza zimetoka wapi. Aliwaacha watoto wahesabu wenyewe. Wakapata 60, na 60, na 48, wakabishana sana juu ya ile 48. Baadaye akawaambia ni za nani na ni za wapi. Darasa likanyamaza. Kisha mtoto mmoja, ambaye wazazi wake huuza samaki wa Kyavinyonge, akauliza kama yule mtu alikuwa akiandika samaki aliowakopesha watu. Mwalimu alituambia kwamba mpaka leo anatafuta jibu.