Uraia Haupimwi kwa Rangi

Ndugu msomaji, ukitoka hapa Ruaha Mbuyuni kuelekea Mbeya utafika bonde la Usangu. Huko waliingia Wabaluchi tangu zama za Mwingereza, wakachimba mifereji, wakalima mpunga, wakazaa na kuzikana. Je, hao ni wageni?

Swali la watu wa namna hiyo lilifika Bungeni mwezi wa Oktoba 1961. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa katakata. Alisema serikali yake i tayari kujiuzulu kuliko kuifanya rangi kipimo cha uaminifu kwa nchi. Sheria ikapita: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja kazaliwa Tanganyika, akawa raia tarehe 9 Desemba 1961. Wengine wakapewa nafasi ya kuomba.

Jirani zetu wa Uganda waliona kinyume chake. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Hata waliokuwa raia, wengi wao hati zao zilikataliwa. Maduka yakafungwa, bidhaa zikaadimika, akaumia mwananchi yule yule aliyeambiwa anakombolewa.

Tuzingatie. Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu zaidi. Raia naye ana deni: atii sheria, alipe kodi, asiweke mguu mmoja ndani na mmoja nje. Lakini uaminifu haupandwi kwa dharau. Anayeambiwa kila siku kuwa si wa hapa, atapapendaje?

Wabillahi tawfiq.