Bakteria wazuri, ukurutu na aleji ya chakula kwa mtoto mdogo

Bakteria wazuri huishi tumboni bila kuleta ugonjwa. Wengine ndio wanaogandisha maziwa. Maziwa ya mama yana sukari inayowalisha.

Mwaka 2001 watafiti wa Finland waliwapa wajawazito, kisha watoto wao, bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG. Watoto walipofikia miaka 2, waliopata ukurutu walikuwa karibu nusu ya wale wasiopewa. Nchini Uganda bakteria huyo huwekwa kwenye maziwa ya kugandishwa yaitwayo Yoba. Lakini tathmini ya tafiti nyingi, mwaka 2018, ilionyesha kwamba mtoto ambaye tayari ana ukurutu hupata nafuu ndogo sana au hapati.

Kwa hiyo, wazazi wa Kolwezi, msimalizie pesa ya chakula kwenye vidonge hivyo. Mpakeni mtoto mafuta mazito yasiyo na manukato kila baada ya kuoga. Msimwachishe ziwa, wala kumnyima mayai, samaki na karanga kwa kubahatisha: atakonda bila kupona. Mwenye aleji ya maziwa ya ng'ombe asipewe hata yaliyoganda. Kugandisha hakuondoi kinachomdhuru. Akila kitu akavimba midomo au kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali mara moja.