Kisahani Kilichopunguzwa Uzito

Pikipiki za abiria za Gisenyi, Rwanda, ambazo wenyeji huziita moto tu, huanzia kando ya Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuipanda barabara ya Musanze kwa gia ndogo. Fundi akifungua kifuniko cha juu cha injini hukuta springi, na juu ya kila springi kisahani chenye tundu katikati. Ndani ya tundu, vikabari viwili vimelibana shina la vali. Kisahani hicho ni cha chuma, na kilibaki cha chuma baada ya watu kuhangaika miaka mingi kukibadilisha.

Tuanzie Ubelgiji, ambayo majeshi yake yaliingia Rwanda mwaka 1916 na kuwaondoa Wajerumani. Huko Herstal, karibu na Liège, kiwanda cha bunduki cha FN kilikuwa kikiunda pikipiki tangu 1901. Mwaka 1905 kikatoa yenye silinda 4, kazi ya Paul Kelecom. Vali yake ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli haikusukumwa na kitu: pistoni ikishuka, mvuto wake uliifungua, kisha springi dhaifu ikairudisha. Kwa mwendo ule wa taratibu, uzito wa kisahani haukumnyima mtu usingizi.

Haraka ililetwa na mashindano. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vali zilihamia juu ya silinda, na mizunguko ikaongezeka. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde. Mizunguko ikiwa maradufu, nguvu ya kuirudisha vali lazima iwe mara nne. Springi ikishindwa, vali huelea, na pistoni huweza kuikuta ingali wazi. Walioweka springi ngumu zaidi waliziona zikikatika. Wengine, Norton wakiwamo, walitumia springi za umbo la pini ya nywele, zikiwa wazi ili zipozwe na upepo.

Kilibaki kisahani. Springi husogea zaidi juu kuliko chini, lakini kisahani hupanda na kushuka chote pamoja na vali. Gramu inayoondolewa hapo ni faida kamili. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani Alfred Wilm alikuwa ameshagundua duralumini, aloi ya aluminiamu na shaba inayojikomaza yenyewe siku chache baada ya kupashwa moto na kupozwa. Kisahani cha chuma chenye gramu 20, kikichongwa kwa umbo lilelile kwa duralumini, hubaki na gramu 7 hivi. Nani angekataa? Lakini injini inayopozwa kwa hewa ina joto kali, hasa upande wa moshi, na joto hulegeza aloi hiyo. Tena aluminiamu huchoka: chuma kisipozidishiwa mzigo huweza kustahimili mapigo bila kikomo, ila aluminiamu huhesabu kila pigo hadi siku ya ufa. Siku hiyo vikabari hupenya, vali ikadondokea pistoni. Ndiyo maana mafundi walikinenepesha kisahani, na sehemu ya faida ikapotea.

Mwaka 1956 Fabio Taglioni wa Ducati aliikwepa shida yenyewe. Pikipiki yake ya sentimita za ujazo 125 ilifunga vali kwa kemu badala ya springi, ikashinda Hedemora, Sweden, mara ya kwanza ilipoingia mashindanoni. Wengi hawakumfuata. Titani nayo ilikuwa njiani. Mbinu ya William Kroll, Mluksemburgi, iliwezesha kuizalisha viwandani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndege zilitangulia kuipata, injini za mbio zikafuata. Kisahani kile cha gramu 20 kwa titani ni gramu 11 na nusu, na joto la injini hakiliogopi. Adui yake ni msuguano: springi ya chuma hukila taratibu, kwa hiyo hutakiwa kuwekewa utando mgumu.

Mwenye pikipiki ya miaka ya 1950 akiniuliza leo, nitamwambia aiache duralumini kwa anayefungua injini yake kila baada ya mashindano. Kwa safari za kawaida, kisahani chembamba cha chuma kizuri pamoja na springi iliyosinyaa juu kama mzinga wa nyuki humpa sehemu kubwa ya wepesi huo, naye analala.

Injini ya moto ya Gisenyi haijawahi kukimbizwa kama ya mbio. Kazi yake ni kupanda, na hapo chuma kinatosha. Kigali, tangu 2019, kuna moto za umeme za Ampersand, ambazo hazina vali hata moja. Upande wa pili wa mpaka kutoka Gisenyi, mjini Goma, chukudu, skuta ya mbao ya kusukumwa, hushuka na magunia yake, nayo haikuwahi kuwa na vali.